Harufu ya Halwa Ndani ya Gari la Babu

Salma na Harith,

Gari la Babu linakuja kwenu Alhamisi. Baba yenu atasema linakuja kwa sababu Bibi anahamia kwenu Madinat Sultan Qaboos na nyumba yenu ina banda la magari mawili. Ni kweli. Lakini gari lile halijapata kukaa hata mwezi mmoja bila mtu wa kulitazama, na mtu huyo, tangu nina miaka kumi na mbili, nimekuwa mimi. Wiki ijayo naanza chuo Sohar, nitalala bweni. Kwa hiyo nimestaafu.

Chekeni. Mtu wa miaka kumi na minane anastaafu nini? Lakini miaka sita ni miaka sita. Babu alikuwa akisema fundi hapimwi kwa ndevu, hupimwa kwa kucha, na kucha zangu mmeziona. Bibi alinipaka hina Eid mbili mfululizo ili wageni wasizione, na bado waliziona.

Haya ningeyasema kwa mdomo, ila mnanijua. Eid iliyopita, nyumba imejaa watu, Salma ulinikuta nimekaa garini, siti ya abiria, peke yangu na daftari langu. Ukagonga kioo ukaniuliza, "Asila, umefungiwa?" Nikakujibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Ukaenda kumwita baba yako aje na funguo. Nikaona aibu hata sikuweza kusema kuwa funguo ninazo mkononi.

Basi naandika. Daftari ninalo hapa, lile lile. Limeandikwa mambo ya skuli, mambo yangu, na mambo ya gari, yote yamechanganyika, kwa hiyo msitegemee mpango.

Kwanza kuhusu baridi. Watu wakisikia tunatayarisha gari kwa baridi Maskat hucheka, wanasema hapa baridi ni siku ambayo Bibi anavaa soksi. Lakini gari halitayarishwi kwa sababu ya baridi itakayokuja. Linatayarishwa kwa sababu ya joto lililopita. Miezi mitano limekula jua la Ghubra, na gari lina umri kunizidi mimi. Mpira umekauka, betri imechemka, maji yamepungua, na hakuna linalosema kitu mpaka asubuhi ya kwanza yenye ubaridi, ndipo unawasha na gari linakohoa mara moja na kunyamaza. Watu wanasema baridi imeua betri. Babu alikuwa anasema, "Joto ndilo muuaji. Baridi inaandika cheti tu."

Kwa hiyo mwezi wa kumi ukiingia, anzeni na betri. Mtaona kwenye vichwa vyake unga mweupe wenye kijani. Maji ya moto na kijiko cha magadi ya kupikia, mimina polepole, unga utachemka na kuondoka wenyewe. Mara ya kwanza nilichukua birika la kwanza nililoliona jikoni. Bibi akatoka nje na khanga kiunoni.

"Birika langu la kahawa hilo?"

Babu akasema, "Tunaosha betri, bibi wee. Maji tu."

"Na wageni leo watakunywa nini, betri?"

Tangu siku ile kuna birika la gari, lile lenye mkono uliovunjika. Nimeliweka kwenye buti. Msilirudishe jikoni.

Na mkifungua nyaya za betri, anzeni na ile ya hasi, mkirudisha iwe ya mwisho. Mimi nilianza na chanya, spana ikagusa bodi ya gari, cheche ikaruka mpaka nikaiona machoni hata nilipoyafumba. Nilipiga ukelele. Nilidhani Babu atanifokea. Akaja, akaniokotea spana, akasema, "Haya, sasa mmejuana." Akarudi kwenye kiti chake.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Alifanya kazi ya ufundi wa magari ya serikali tangu alipokuja kutoka Unguja akiwa kijana mpaka alipostaafu, na nadhani alikuwa amewafokea vijana vya kutosha huko. Kwangu mimi hakuwa nayo sauti hiyo. Mnajua baba na mama yangu wako Duqm kwa kazi ya baba, na mimi nilibaki Ghubra kwa ajili ya skuli. Skuli sikuwa na rafiki. Sisemi ili mnionee huruma, naandika kama ilivyokuwa. Wakati wa mapumziko nilikuwa nakaa kwenye ngazi za nyuma na kula mkate wangu na kuandika. Nikirudi, Babu yuko uani, boneti limefunguliwa, kiti cha pili kiko tayari. Hakuniuliza "skuli vipi?" hata siku moja. Aliniuliza, "Umekuja na mikono yako?" Nikimwonyesha mikono, kazi inaanza.

Tairi. Msidanganyike na meno. Bibi hutazama meno tu, anasema, "Mbona jipya hili, lina nywele bado?" Tairi letu hutembea kidogo, haliliwi na barabara, linaliwa na jua. Tafuteni ubavuni tarakimu nne ndani ya duara: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Likivuka miaka mitano, hata kama lina nywele, mwambieni baba yenu. Na pindeni mpira kwa kidole gumba, mkiona vinyufa kama kwenye udongo wa bonde la wadi uliokauka, ndiyo hivyo.

Waipa. Maskat mvua inanyesha siku chache, na ikinyesha inamwaga kama imetukasirikia. Mwaka mzima waipa zimeokwa juu ya kioo, siku unayozihitaji zinakwaruza tu. Badilisheni mpira kila mwaka kabla ya baridi, hata kama unaonekana mzima. Na kwenye tangi la maji ya kioo msitie sabuni ya vyombo. Mimi nilitia. Bibi aliendesha kutoka Ghubra mpaka Ruwi na povu linaruka mpaka kwenye gari la nyuma, na yeye hana habari, anawapungia mkono watu waliokuwa wanampigia honi. Alidhani wanamjua.

Sasa pua.

Babu alikuwa anasema fundi asiyekuwa na pua ni dereva tu. Alinifunza harufu kabla ya kunifunza spana. Mpira unaoungua: mkanda wa injini unateleza. Mayai viza: betri inapata moto kupita kiasi. Kitu kama nywele zilizoungua: breki zimeshika. Na ya nne niliiandika kwenye daftari nikiwa na miaka kumi na mitatu, iko hapa mbele yangu, kwa wino wa zambarau: *Harufu tamu ndani ya gari, tafuta maji ya rejeta. Babu kasema yana utamu wa shira. Yanavuja kwa hita, chini ya dashibodi.* Nimepiga mstari chini ya neno tamu.

Ikumbukeni hiyo, maana naja kuikiri.

Babu alikuwa na sukari, mnajua. Bibi alikuwa amempiga marufuku halwa. Nyumba ile wageni wanakula halwa, Bibi anakula halwa, yeye analetewa kahawa na tende moja. Lakini kwenye kidroo cha dashibodi, nyuma ya mulkiya, zile karatasi za umiliki wa gari, palikuwa na kikopo. Ijumaa baada ya sala tulikuwa tunakaa garini, yeye siti ya dereva mimi ya abiria, anafungua kikopo, anakula kijiko chake, mimi changu. Kisha ananiambia, "Hii ni siri ya gari." Gari likanuka zafarani na hiliki, na mafuta ya gari, na yeye.

Alifariki mwezi wa tatu. Baridi mbili zimepita tangu hapo.

Baada ya khitma kila mtu alirudi kwake. Gari lilibaki bandani. Bibi ndiye aliyekuwa anaendesha siku hizo, mnavyomjua, polepole, na Ayatul Kursiyu kabla ya kila mzunguko wa barabara. Mimi nilikuwa nikirudi skuli nakaa ndani ya gari, vioo juu, nafanya hesabu zangu huko. Kikopo nilikuwa nimekitoa na kukiosha kabla Bibi hajakiona. Lakini harufu ilibaki. Tamu, nyepesi, chini ya kila kitu. Miezi sita baadaye bado ipo. Mwaka, bado ipo. Nikaandika kwenye daftari: *Babu bado yumo garini.* Niliandika hivyo hivyo.

Nilikuwa sifungui vioo. Na Bibi, kinyume chake, kila Alhamisi alikuwa anakuja na chetezo chake cha udi, anakiweka kwenye sakafu ya gari juu ya sinia, anafunga milango, anasimama nje mpaka moshi ujae. Mimi nikawa najifungia chumbani nisione. Nilidhani anafanya kama wanavyofanya watu, kutia gari udi kabla ya Ijumaa. Hatukuulizana. Nyumba ya watu wawili unaweza kuishi mwaka mzima bila kuulizana kitu, mkasema chai iko tayari na umefunga geti tu, siku ikaisha.

Udi wenyewe ukitoka, baada ya siku mbili, ule utamu ulikuwa unarudi. Nami nilikuwa namwambia Babu moyoni, umewashinda.

Na maji yalikuwa yanapungua. Kumbukumbu zangu hizi hapa: *Rejeta, nimeongeza robo chupa. Nimeongeza nusu chupa. Nusu tena. Chini hakuna tone.* Sakafu ya bandani kavu kabisa. Maji yanakwenda wapi kama hayadondoki? Zulia la upande wangu, upande wa abiria, lilikuwa linalowa, na mimi nikaandika kuwa ni maji ya AC. Sasa sikilizeni, maana hili litawasaidia: maji ya AC ukiyasugua baina ya vidole ni maji. Ya rejeta yana dawa, yanateleza, na yakikauka yananata. Kandambili zangu zilikuwa zinanata. Nilikuwa nazivua kabla ya kuingia ndani, naziosha kwenye bomba la nje.

Nilijua. Hiki ndicho ninachotaka kukikiri. Sikuwa mjinga, nilikuwa na ukurasa wa wino wa zambarau. Nilikuwa siufungui tu.

Baridi ya kwanza bila Babu nililipeleka gari Ghala, mtaa wa magereji, kwa fundi wa Babu, Basheer. Bibi aliendesha, akabaki ndani, mimi nikashuka na karatasi yangu, maana mbele ya wanaume wa gereji sauti yangu hunikimbia. Nikampa karatasi: oili, breki, mkanda. Basheer akaingiza kichwa garini akakitoa haraka, akasema kwa Kiarabu chake, "Bint, gari lako linanuka harusi. Mimi nitajuaje linaumwa nini?" Kisha akaniuliza, "Linapoteza maji?"

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Akanitazama kidogo. "Uhakika?"

Nikatikisa tena.

Kwa sababu nilijua atafanya nini. Ataivua dashibodi yote, atatoa zulia, ataosha, atafunga. Na nikirudi kukaa ndani nitakuwa nimekaa kwenye gari tu.

Hivyo nikawa naongeza maji kwa siri, mwaka mzima mwingine. Chupa iko kwenye buti. Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya udi.

Sasa Bi Khole. Dada yake Bibi, yule wa Ibra, anayekaa kwenye kiti cha magurudumu. Huyo hamwoni Bibi isipokuwa baridi, kwa sababu AC ya gari letu haiwezi safari ya Ibra wakati wa joto, na Bibi hapandi gari la mtu mwingine, anasema watu wanaendesha kama wamefukuzwa. Kwa hiyo ubaridi wa kwanza ukiingia, simu inapigwa. "Khole, tunakuja." Na huko Ibra mtu wa miaka zaidi ya sabini anaanza kuwasumbua watu wamsogeze dirishani.

Baridi iliyopita tulitoka Ijumaa asubuhi. Bibi alikuwa amepika mkate wa kumimina, umefungwa kwa kitambaa, uko mapajani mwangu bado una moto. Kwenye buti chupa ilikuwa tupu. Niliimalizia siku moja kabla, nikasema nitaijaza usiku, nikasahau. Ndiyo hivyo.

Tukavuka Bidbid, barabara ikaanza kupanda. Bibi anazungumza peke yake kuhusu lori la mbele. Mimi natazama mshale wa joto. Umevuka katikati. Ukazidi.

"Bibi, zima AC."

"AC gani, mwanangu? Nimeifunga tangu Ghubra. Huoni nimevaa soksi?"

Mshale ukagusa nyekundu. Nikakumbuka alichonifunza Babu: injini ikipata moto mlimani na huwezi kusimama hapo hapo, washa hita mpaka mwisho, hita inavuta joto la injini na kulileta ndani. Utaungua wewe, injini itapona.

"Bibi, washa hita."

"Hita?"

"Babu alisema."

Hatukuwa tumelitaja jina hilo garini tangu afariki. Bibi akanyoosha mkono, akazungusha kile kitufe ambacho sidhani kilikuwa kimezungushwa katika umri wangu wote.

Kwanza ikatoka vumbi. Kisha ukungu. Mweupe, wa moto, wenye mafuta mafuta, unatoka kwenye matundu yote, unapanda kwenye kioo cha mbele na kushika. Na harufu. Ile ile, lakini sasa si nyepesi, imejaa gari zima, imetuingia puani na mdomoni, tamu kama umetumbukiza uso kwenye sufuria ya shira.

"Sioni!" Bibi akapiga kelele. "Asila, sioni mbele!"

Nikavua mtandio, nikafuta kioo upande wake. Nikafuta, ukungu ukarudi. Lori linapiga honi nyuma. Nikamwambia, "Kulia, Bibi, polepole, kulia, kulia," na mkono wa pili nimefungua dirisha, natazama mstari wa barabara. Tukatoka nje ya njia. Akazima. Boneti likawa linatoa mvuke.

Mkate ulikuwa bado mapajani mwangu, sijui vipi.

Kisha Bibi akasema, taratibu, anatazama mbele kwenye kioo cheupe, "Halwa yake hiyo."

Nikakamua mtandio nje ya dirisha.

"Kila Alhamisi nnafukiza. Kila Alhamisi. Haitoki." Mikono bado iko kwenye usukani. "Miaka mingapi nimemkataza? Akanambia, nimeacha, wallahi nimeacha. Baada ya khitma nikaingia humu kutafuta mulkiya, nikaisikia. Nikajua alinidanganya mpaka siku yake ya mwisho. Nikamkasirikia maiti, Asila. Wajua ubaya wake, kumkasirikia maiti? Humpati wa kugombana naye."

Magari yanapita, gari letu linatikisika kila likipita kubwa.

Nilifikiri nitanyamaza. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Lakini nilikuwa nimemtoa bibi yangu barabarani akiwa haoni.

"Bibi, si halwa. Ni maji ya rejeta. Hita imetoboka. Nimejua siku nyingi. Nilikuwa naongeza maji sikusema." Kisha nikasema na kilichobaki, "Nilitaka ibaki."

Akanigeukia. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua bila miwani.

"Kwa hivyo si halwa."

"Si halwa."

"Kwa hivyo hakula."

Hapo ningeweza kusema hakula. Mngesema nini nyinyi?

"Alikula," nikasema. "Ijumaa. Kijiko kimoja."

"Kimoja!"

"Viwili. Kimoja changu."

"Alaa!" Bibi akapiga usukani, na honi ikalia, na yeye mwenyewe akashtuka. "Wezi wawili! Ndani ya gari langu! Na mie huku nnamchemshia bamia za kuteremsha sukari!" Akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, kisha sikuweza kujua tena ni kicheko au siyo. Akachukua ule mtandio wangu wenye mafuta ya rejeta akajifutia uso, akanusa, akasema, "Astaghfirullah, na huu nao wanuka yeye."

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi wa moto, kamwe, unachoma uso. Tulisubiri mpaka ningeweza kuuweka mkono juu yake nikahesabu kumi. Tulikula mkate wa Bi Khole. Familia iliyokuwa inakwenda kupiga kambi ikasimama, ikatupa madumu mawili ya maji, na mwanamume wao akataka kuufungua mfuniko mara moja. Nikamwambia hapana. Kwa sauti. Bibi alimsimulia kila mtu baadaye, kuliko hata habari ya gari: Asila alimwambia mtu hapana.

Tukarudi Maskat tukisimama mara nne. Huko Ibra, Bi Khole alikaa dirishani mpaka adhuhuri, kisha kwenye simu akasema, "Basi, kama ni mwakani ni mwakani." Hiyo ndiyo kumbukumbu ninayoichukia kuliko zote kwenye daftari.

Basheer alinitazama tu. "Nilikuuliza," akasema. Sikuwa na karatasi ya kumjibu. Akaingiza kichwa garini, bila udi safari hii, akanusa, akakitoa polepole. Yeye alimjua Babu miaka mingi kuliko mimi. Akasema kuna njia mbili: kuagiza hita mpya na kusubiri wiki, au kuiruka. Mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita unaiunganisha kwa kipande kimoja kifupi, klipu mbili, basi. "Maskat nani anataka hita?"

Nikasema iruke. Bi Khole alikuwa anasubiri.

Aliposhika bisibisi kukaza, nikanyoosha mkono. Akanipa. Klipu zote mbili nilizikaza mwenyewe, ya pili mpaka kidole kikauma. Mtaiona, iko nyuma ya injini upande wa kulia. Itazameni kila mwezi. Na mkumbuke, hita ya gari hili haina kazi tena, kwa hiyo ile hila ya mlimani haitawafaa. Mshale ukipanda, simameni.

Zulia nilililaza ukutani siku tatu kwenye jua. Nilidhani chini yake tutakuta kitu chake. Tulikuta pini ya mtandio na msumari. Nililirudisha, nikafunga milango, nikapandisha vioo, nikavuta pumzi. Zulia lililokauka. Plastiki. Mimi. Nilikaa mpaka magharibi nikijaribu.

Bibi akaja na chetezo, makaa yamewaka, akasimama nje ya mlango wangu. Nikateremsha kioo.

"Udi nnao," akasema. "Sina wa kumfukuza."

Akakiweka chetezo chini kwenye sakafu ya banda, akazunguka, akaingia siti ya dereva, akakaa. Wiki ile tulikwenda Ibra, mshale haukuvuka katikati, na Bi Khole alimpiga Bibi kibao cha mkono kwa kuchelewa kabla ya kumkumbatia.

Sasa ni lenu. Mwezi wa kumi, kabla ya spana yoyote, fungueni milango yote minne asubuhi mapema, Bibi hajaja na moshi wake, ingizeni kichwa mnuse. Mkisikia utamu, msikae nao kama nilivyokaa mimi. Si yeye. Sugueni zulia baina ya vidole, kisha mwambieni mtu, siku hiyo hiyo.

Daftari naliacha kwenye kidroo, nyuma ya mulkiya. Kurasa zangu nimezichana, za gari zimo. Kuna kikopo pia, kipya. Bibi anajua.

Na kitu cha mwisho, Salma, kwa kuwa ulikwenda kumwita baba yako na funguo. Mlango wa abiria kufuli lake lilikufa zamani, haujapata kufungika kwa ufunguo tangu nilijue gari hili. Babu hakutaka kuutengeneza. Siku ile ulipogonga kioo, ungeuvuta tu.